Nyani wa Harran na Pata Potea ya Nairobi: Kusoma Kitabu cha Matapeli Tukiwa Takaba

Mbinu yenyewe nilikuwa nimeifanya mbele ya watu wa Nairobi zaidi ya mara mia. Kwa matatu, kwa hoteli, kwa foleni ya benki. Hakuna aliyewahi kunishika. Takaba nilishikwa kabla hata sijamaliza.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya Idd. Kama hujawahi kufika, Takaba ni mji ulio upande wa magharibi wa kaunti ya Mandera, mahali fulani kati ya Moyale na El Wak. Wazee walikuwa chini ya mti wakicheza shax. Hiyo x isome kama h nzito ya Kiarabu. Ni mchezo wetu sisi Wasomali: unachora mchangani miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na kila mchezaji anakuwa na vipande 12, huyu mawe, yule vijiti. Ukipanga vitatu kwa mstari unamnyang'anya mwenzako kipande kimoja. Mtu aliyezeeka na shax hatazami mkono wako peke yake. Anatazama macho yako yametua wapi.

Mimi hilo sikuliwaza. Watoto walikuwa wamenizunguka, nikajiona msanii. Nikatoa sarafu ya kumi, ile mpya ya 2018 yenye simba. Nikaishika kwa ncha za vidole vya kushoto, mkono wa kulia ukaja kuichukua, nikafunga ngumi, nikapuliza, nikafungua. Hakuna kitu. Watoto wakapiga kelele. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu yangu, hakuinua hata kichwa vizuri kutoka kwa mchezo wake.

"Adeer," akaniambia, "fungua ule mkono mwingine."

Nikaufungua. Simba alikuwa amelala hapo.

Wazee walicheka, mimi nikacheka pia, lakini wacha nisiwadanganye, niliumia. Halafu nilipofika nyumbani nikakuta habari zimenitangulia, ila zimegeuka njiani. Watoto hawakusimulia kwamba nilishikwa. Walisimulia sarafu ilipotea. Ayeyo alikuwa amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake. "Ayeyo," akasema, maana kwetu nyanya humwita mjukuu kwa jina lilelile analoitwa yeye, "wanasema umetuletea sihiri kutoka Nairobi." Nusu alikuwa anatania. Ile nusu nyingine haikuwa utani.

Jioni hiyo abti akaniletea kijana wake. Wiki mbili baadaye angesafiri kwenda Nairobi kuanza chuo, mara yake ya kwanza kuishi mjini, na pesa za kodi ya chumba angekuwa nazo mwenyewe. Abti alisema maneno machache: "Mfundishe mji."

Hii makala ni juu ya vitabu nilivyojaribu kutumia kumfundisha. Kimoja ni cha Mmarekani, kimoja cha mtu wa Dameski, kimoja cha Mwingereza. Vyote vitatu vinaeleza jinsi kitu kinavyopotea mbele ya macho yako. Ni kimoja tu kinachojua kitu hicho huwa kinapotelea wapi.

*

Kwanza nieleze kwa nini mimi nilijifunza hii michezo. Haikuwa kwa sababu ya mapenzi.

Nilipofika Nairobi baada ya kidato cha nne, wiki ya kwanza nilikuta umati karibu na steji ya mabasi. Katikati kuna jamaa amechuchumaa na karata tatu juu ya katoni. Pata potea. Wewe unajua hii kitu, kila mtu Kenya anaijua, na bado hawa watu hawajawahi kukosa wateja. Kuna karata moja inayolipa. Anakuonyesha, anazirusha chini, anazichanganya taratibu, unachagua. Nilisimama nikatazama kama robo saa. Kila mara nilijua iko wapi. Mwanaume mmoja wa suti aliweka elfu moja, akashinda. Mwingine akakosea kijinga, hadi nikataka kumpigia kelele.

Kando yangu kulikuwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa analia. Huyo mama alininong'oneza, "Kijana, si iko pale? Hata mimi naiona. Ningekuwa na pesa ningeweka." Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayekuona ukikataa chakula. Nikaweka elfu mbili. Zilikuwa pesa za viatu na matumizi ya mwezi.

Haikuwa pale.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki. Mchezaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Jicho lako linategemea ya chini iangue kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo vitu huanguka. Yeye anaachilia ya juu. Ni tofauti ya unene wa karata moja. Baada ya hapo unaweza kufuatilia kwa makini kadiri utakavyo, unafuatilia karata isiyo yako.

Nilijifunza hiyo mbinu hadi nikaiweza. Kutoka karata nikaenda kwa sarafu, kutoka sarafu nikaenda kwa vifuniko vya soda, raba, kijiti cha kiberiti. Nilidhani nikijua mkono unafanya nini, hakuna atakayenipata tena. Hilo ndilo kosa ambalo kitabu cha kwanza kilinisaidia kulikuza.

*

Kitabu chenyewe ni *Modern Coin Magic* cha J. B. Bobo, kilichotoka mwaka 1952. Wapenzi wa michezo ya sarafu ulimwenguni wanakichukulia kama msahafu wao, na kusema kweli kinastahili heshima. Bobo ana subira ya mwalimu. Kila mshiko una maelezo yake: sarafu ikae wapi kiganjani, kidole kipi kiegemee wapi, mkono utulie vipi ili usionekane umeshika kitu. Michoro ni safi. Ukifuata ukurasa kwa ukurasa kwa miezi sita, vidole vyako vitabadilika.

Lakini jaribu kukisoma ukiwa Takaba. Sarafu yake ni nusu dola ya Marekani, yenye upana wa karibu milimita 31, kubwa kuliko sarafu yoyote tunayotumia Kenya leo. Ana sehemu nzima ya kutupa sarafu ndani ya mkono wa koti. Koti gani, na jua hili? Mimi nilikuwa na macawis na fulana. Mtazamaji wake anakaa mbele, ng'ambo ya meza, amenyamaza kwa adabu. Mtazamaji wangu alikuwa watoto kumi na wanne, watatu kati yao wakiwa nyuma ya mgongo wangu, na mbuzi.

Hayo ni mambo madogo, unaweza kuyarekebisha. Sarafu ndogo ina mbinu zake, na asiye na mikono ya koti hujifunza kuishi bila. Shida kubwa ya Bobo iko ndani zaidi. Kwake yeye, udanganyifu ni kazi ya vidole. Mtazamaji ni jozi ya macho tu. Hana deni, hana njaa, hana mama kando yake anayemnong'oneza. Na zile video fupi za TikTok na YouTube zinazofundisha mbinu leo ni watoto wa Bobo, isipokuwa wamerithi vidole na kuacha subira. Mkono unaonekana, uso wa mtu hauonekani kabisa. Ile mbinu yangu ya kumi bob niliipata kwa video kama hizo. Zilinifundisha kuiangusha sarafu ndani ya kiganja cha kushoto wakati wa kulia unajifanya kuichukua. Hazikunifundisha kwamba, sarafu inapodhaniwa imehama, macho yangu yanapaswa kuhama nayo. Mimi, kwa woga, nilitupia jicho mkono wa kushoto. Mzee wa shax hakuhitaji kitu kingine.

*

Kabla sijafika kwa kitabu cha pili, turudi kwa swali la ayeyo, maana hakuwa mjinga.

Kiingereza kina neno moja kwa mambo haya yote. Mtu anayetoa sarafu sikioni kwa mtoto na mtu anayedaiwa kumroga jirani, wote wanafanya kitu kinachoitwa jina moja. Kiswahili kilitenganisha zamani. Kuna uchawi na sihiri, na hayo ni mambo mazito. Halafu kuna mazingaombwe, na kuna kiinimacho. Hebu lisikilize hilo la mwisho polepole. Neno lenyewe linakwambia kazi inafanyika wapi: kwenye kiini cha jicho la anayetazama. Kitu hakijaenda popote. Wewe ndiye uliyepelekwa.

Wanazuoni wa Kiislamu nao walilijua pengo hili. Ibn Khaldun, kwenye *Muqaddima* yake ya mwaka 1377, anagawa sihiri katika ngazi tatu, na ile ya tatu ni kuathiri dhana ya mtazamaji ili aone kitu ambacho hakipo. Anasema wanafalsafa huiita sha'wadha au sha'badha. Na mtoto yeyote wa dugsi pale Takaba anajua kisa cha wachawi wa Firauni, kamba na fimbo zao zilizoonekana kana kwamba zinatembea. Kwa hiyo ayeyo alipouliza, alikuwa anauliza swali la kitaalamu: hii yako iko ngazi gani?

Nilimwonyesha. Nilikaa mkekani nikafanya mara moja kwa kasi, halafu mara ya pili taratibu, nikimwonyesha sarafu inapodondokea. Akaniomba niifanye tena. Halafu akauliza swali lililonifuata hadi leo: "Sawa. Na ukishajua hivi, bado unaweza kuibiwa?"

Nikasema hapana. Usiku ule nikaanza kufikiria yule mama wa mtoto mgongoni.

*

Kitabu cha pili niko nacho kwa simu. Kiliandikwa Kiarabu katika nusu ya kwanza ya karne ya 13 na mtu wa Dameski anayeitwa al-Jawbari. Jina lake la Kiarabu ni refu, na ndani yake mna maneno *kashf al-asrar*, yaani kufichua siri. Mwaka 2020 kilitoka kwa Kiingereza kwa jina *The Book of Charlatans*, tafsiri ya Humphrey Davies. Sultani mmoja wa ukoo wa Artuq ndiye aliyemwomba akiandike. Kina sura 30, na kila sura inavua nguo kundi moja la matapeli: manabii wa uongo, masheikh wa uongo, wahubiri, ombaomba, wauza dawa, wanaodai kugeuza shaba kuwa dhahabu, wanaopaka farasi rangi sokoni.

Kisa ninachokipenda kinatokea Harran. Tapeli mmoja anamfundisha nyani kusalimia watu, kutumia mswaki, kuvuta tasbihi, kusali na kulia. Siku ya Ijumaa anamvalisha kama mtoto wa mfalme, anampandisha nyumbu, na kumpeleka msikitini na watumwa waliovaa vizuri. Nyani anatandikiwa mswala, anasali rakaa zake. Mtumwa mmoja anasimama na kuwaeleza waumini, kwa majonzi, kwamba huyu mnayemwona ni mwana wa mfalme wa India. Mke wake alimroga kwa wivu, na sasa anadai mali nyingi ili amrudishie umbo lake. Nyani anaweka kitambaa usoni na kulia. Watu wanalia pia. Wanachanga.

Ukisoma haraka utadhani sifa ni ya nyani. Mimi pia nilisoma hivyo mara ya kwanza: kumfundisha nyani kusali, manze, hiyo ni kazi! Ilinibidi nirudi mara ya tatu ndipo nikamwona yule mtumwa. Nyani peke yake msikitini ni nyani. Angefukuzwa kwa mawe. Ni yule mtu mwenye heshima kando yake, anayehuzunika, anayewapa waumini nafasi ya kuwa watu wema, ndiye anayemgeuza mnyama kuwa mwana wa mfalme. Pesa zilipotelea kwenye huruma.

Na hapo nikamwelewa mama wa steji. Karata ilikuwa nyani wangu. Jamaa mwenye mkono mwepesi angeweza kurusha karata mchana kutwa na mimi nikapita zangu. Aliyenitoa elfu mbili ni mwenzake, yule mama, na yule wa suti aliyeshinda, na yule aliyekosea kijinga ili mimi nijione mwerevu. Niliwaona wote wakiondoka pamoja baadaye, dakika chache, kabla askari wa kanjo hawajafika. Mtoto alikuwa amelala.

Hiki ndicho al-Jawbari anacho na Bobo hana. Sura baada ya sura, anaanza na dawa, rangi au kifaa, lakini hamalizi bila kukuonyesha nani amesimama wapi, amevaa nini, anasema nini, na watu waliomzunguka walikuwa tayari wanataka kuamini nini. Ni mkosoaji wa maonyesho. Anatazama utapeli jinsi sisi tunavyotazama tamthilia, na anajua kwamba mwigizaji bora jukwaani mara nyingi ni yule anayejifanya mtazamaji.

Lakini siwezi kukisifu bila kinyongo. Al-Jawbari anawapenda matapeli wake mno. Unamsikia akishangilia chini chini. Mjanja akifanya ujanja mzuri, sentensi zake zinachangamka. Aliyeibiwa hapewi hata jina. Watu wa Harran wanachanga pesa, kisa kinaisha, tunaendelea na sura nyingine. Hakuna anayerudi nyumbani kumweleza mke wake pesa zimeenda wapi. Nilipokuwa nasoma, nilikuwa nacheka, halafu nikakumbuka kwamba katika kisa hiki mimi siko upande wa nyani. Mimi ni mmoja wa waliochanga.

*

Mwenye kukumbuka aliyeumizwa ni Mwingereza, Reginald Scot, mtu wa Kent. Mwaka 1584 alichapisha *The Discoverie of Witchcraft*. Enzi hizo Uingereza ilikuwa ikiwanyonga vikongwe kwa kosa la uchawi, na Scot alichoshwa. Katika sehemu ya 13 ya kitabu chake alifanya jambo la ajabu: akaeleza, hatua kwa hatua, jinsi wachezaji wa mazingaombwe wanavyopoteza vigololi, sarafu na karata. Alikuwa amejifunza baadhi kutoka kwa Mfaransa aliyeishi London. Hoja yake ilikuwa rahisi. Ukiona jinsi mtu wa kawaida, kwa vidole tu, anavyoweza kukushangaza, utafikiri mara mbili kabla ya kumnyooshea bibi wa jirani kidole.

Kama mwandishi, Scot anachosha. Anarudia, anabishana na Wakatoliki, anajaza kurasa kwa majina ya waliomtangulia. Weka kitabu chake kando ya al-Jawbari na ni kama kuweka hotuba ya chifu kando ya stori za mtu wa safari. Lakini mimi nimemheshimu zaidi kila nilipofikiria nchi yetu. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka. Tuna Sheria ya Uchawi tangu 1925, na inafanya hata kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa. Sheria haikuwafikia wale akina mama kwa wakati.

Kwa hiyo ninaposikia wasanii wa mazingaombwe wakisema siri haitolewi, eti ukiitoa umeua sanaa, huwa nauliza: siri ya nani, na inamlinda nani? Seneca, Mrumi wa karne ya kwanza, aliwahi kuandika kwamba vikombe na vijiwe vya mcheza mazingaombwe vinampendeza kwa sababu vinamdanganya. Akielezwa vilivyofanyika, raha inakwisha. Ni maneno ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtoa pesa za viatu kwa vikombe hivyo. Ayeyo alielezwa, na akaniomba nirudie.

*

Kuna msanii mmoja anayenifanya niamini raha haiishi. Anaitwa René Lavand, wa Argentina, aliyezaliwa 1928 na kufariki 2015. Akiwa na miaka tisa alipoteza mkono wa kulia kwa ajali ya gari. Akawa mmoja wa wachezaji karata wakubwa duniani kwa mkono mmoja, wa kushoto. Video zake ziko wazi kwa yeyote mwenye bando.

Anza na ile ya makombo ya mkate. Mezani kuna kikombe cha kahawa na vijipande vitatu vya mkate, kitu ambacho ungekifuta kwa mkono na kukitupia kuku. Anaweka viwili kikombeni, cha tatu anakitupa mbali. Anamimina: vitatu. Anarudia. Vitatu. Anaongea taratibu, karibu kama mtu anayekuhadithia mambo ya marehemu baba yake, na kila mara anaenda polepole zaidi. Najua kwa jumla mbinu ya namna hiyo hufanyikaje. Haijanisaidia chochote. Nikimtazama bado najikuta nimeinamia simu.

Kimaumbile, Lavand na jamaa wa pata potea wanafanya jambo moja: wanakufanya uhesabu vitu vitatu vibaya. Tofauti sio ya vidole. Lavand amekwambia tangu mwanzo kwamba anakudanganya, na hakuna mama aliyewekwa kando yako kukuhurumia. Uko peke yako na macho yako, na ukitoka hapo mfuko wako uko vile ulivyokuja nao. Mimi kipimo changu cha kukosoa mazingaombwe sasa ni hicho. Siulizi mkono ulikuwa mwepesi kiasi gani. Nauliza nani mwingine yuko chumbani, na analipwa na nani.

*

Kesho yake nikamchukua binamu yangu hadi kwa mti. Karata sikuthubutu, mbele ya wazee wale karata ni kamari, hakuna maelezo. Nikaazima vikombe vitatu vidogo vya kahawa na jiwe moja la shax. Nikamsalimia yule mzee na kumwambia ukweli: "Adeer, leo nataka kumdanganya huyu kijana, na ninaomba unisaidie."

Mzee alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Nikaficha jiwe chini ya kikombe, nikazungusha, binamu akachagua. Mara mbili nilimwacha ashinde. Mara ya tatu mzee akakohoa kidogo, akainama karibu naye na kusema kwa sauti ya chini, ile sauti ya babu anayekutakia heri, "Maandeeq, hata mimi nimeliona. Liko katikati."

Hapa lazima nisimamishe nicheke. Maandeeq ni ngamia jike wa mashairi ya Kisomali, jina la mapenzi kwa kitu unachokithamini. Mzee aliongeza hilo mwenyewe. Sikumfundisha.

Binamu akainua cha katikati. Hakikuwa na kitu. Hakunitazama mimi. Alimgeukia mzee, na uso wake ulikuwa umebadilika, umeumia kweli, kama mtu aliyeulizwa njia na kupelekwa msituni. "Lakini wewe ulisema..." Hakumaliza.

"Ndiyo," mzee akamjibu. "Mimi ndiye niliyekuibia. Huyu alikuwa anachezea vikombe tu."

Tukakaa hapo karibu saa nzima. Nikamweleza binamu juu ya nyani wa Harran, na wazee wakasikiliza, na kisa kikawapendeza kuliko mbinu zangu zote. Mmoja akasema kwamba meseji za "nimetuma pesa kwa namba yako kimakosa, tafadhali nirudishie, mtoto yuko hospitali" ni nyani yuleyule. Alikuwa sahihi. Hapo M-Pesa haina kosa lolote. Ni mtoto aliye hospitali anayefanya kazi. Mwingine akataka kujua yule nyani mwisho wake ulikuwa nini. Nikamwambia al-Jawbari hasemi. Akasema basi hicho kitabu hakijakamilika, na kama mkosoaji mwenzake, nakubaliana naye.

Jioni nikamwendea ayeyo nikarekebisha jibu langu. Nikamwambia ndiyo, ukishajua bado unaweza kuibiwa, kwa sababu nilichokuwa nimejua ni mkono. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa na jibu tangu mwanzo, na akanyoosha kiganja. Nilidhani anataka nimfanyie tena. Alikuwa anataka ile kumi bob, amtume mtoto dukani.

Binamu alisafiri wiki mbili baadaye. Usiku wa kwanza alinipigia simu kutoka Nairobi. Alikuwa amepita kando ya umati pale steji, akasimama kidogo. Karata hakuzitazama hata mara moja, akasema. Alikuwa anajaribu kuhesabu ni wangapi pale walikuwa wamekuja pamoja.

"Wangapi?" nikamuuliza.

"Sita," akasema. "Lakini kuna mama mmoja sina uhakika naye."